Mtoto anayesubiri kesi: maswali ambayo wazazi na walimu wa kambini huuliza mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya katika miaka niliyofanya kazi na watoto wa Kikongo na wa Kirundi mkoani Kigoma. Mengi yaliongezeka ghafla baada ya Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Nimeyajibu kwa ajili ya mzazi, mlezi na mwalimu. "Kesi" kambini ni faili la familia inayosubiri kupelekwa kuishi nchi ya tatu, yaani nchi nyingine iliyo tayari kuipokea. Mambo ya sheria yana wataalamu wake. Hapa tunamzungumzia mtoto.

Mtoto hajazi fomu wala hapigiwi simu. Kusubiri kunamuumizaje?

Mtu wa miaka arobaini akisubiri miaka minne, amesubiri kipande cha maisha yake. Mtoto wa miaka minane akisubiri miaka minne hiyo hiyo, amesubiri nusu ya umri wake, na ile nusu nyingine haikumbuki vizuri. Kwake kusubiri ndiyo maisha yenyewe.

Halafu kesi haikai ofisini, inaingia nyumbani. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, inapendekeza jina, inakuja intavyu ya kwanza, inafuata ya maofisa wa nchi inayopokea, kisha uchunguzi wa usalama, medikali (vipimo vya afya), mafunzo ya safari. Katika kila hatua nyumba inabadilika. Wiki ya intavyu baba ana hasira na mama hali vizuri. Wiki ya medikali kila anayepiga chafya anatazamwa. Akizaliwa mtoto mwingine, faili linafunguliwa upya. Majibu ya medikali nayo yana muda wake. Yakipitwa, mnapimwa tena. Mtoto hajui neno hata moja kati ya hayo, lakini anajua uso wa mama yake.

Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996. Wako akina mama pale waliozaliwa humo humo kambini, na leo wanapanga foleni ya mgao wakiwa na watoto wao mgongoni. Kwao kusubiri kumerithiwa.

Tukinyamaza, si tunamlinda?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu ni hapana.

Nilimfahamu binti wa miaka minane ambaye familia yake ilipangiwa kusafiri mwishoni mwa Januari 2025. Walishauza vitanda na masufuria, kuku wakawagawa, kitenge kizuri mama akampa jirani. Zikiwa zimebaki siku chache, safari ikafutwa. Wakarudi kulala kwenye mkeka ndani ya nyumba tupu. Baba alisema neno moja tu, "Imeahirishwa," akanyamaza, na nyumba nzima ikanyamaza naye.

Baada ya wiki kadhaa mama alikuja na lalamiko aliloliona dogo: binti analala na viatu. Vile vipya, vya safari. Akivuliwa akiwa usingizini, anaamka, anavitafuta gizani kwa kupapasa, anavivaa na kufunga kamba mwenyewe. Mama alidhani anaogopa basi lisije usiku likamwacha. Mimi pia nilidhani hivyo.

Nilikaa na yule mtoto siku tatu tukifinyanga udongo kabla hajasema. Siku ya medikali, alipoambiwa avute pumzi, alikohoa. Alikuwa amewasikia wakubwa wakisema mwenye kifua hasafiri. Kwa hiyo safari ilipofutwa, yeye alikwisha kujua ni kwa sababu ya nani. Viatu alivivaa ili miguu isipate baridi, asikohoe tena.

Karibu miezi miwili mtoto yule alibeba peke yake kosa la uamuzi uliotiwa saini Washington tarehe 20 Januari, na ambao uliwagusa maelfu ya watu waliokuwa na tiketi tayari. Hakuna aliyemtupia lawama. Ilitosha kwamba hakuna aliyemweleza. Mtoto asiyeambiwa kitu hakai bila maelezo, anatunga yake, na katika hadithi anayoitunga mkosaji huwa ni yeye mwenyewe.

Basi nimwambie nini?

Mwambie ukweli kwa kipimo chake, kwa lugha anayoiotea ndoto. Kwa mdogo wa miaka minne au mitano, mambo matatu yanatosha: leo tuko hapa, kesho tutakuwa hapa, na mimi niko nawe. Usimwambie "karibuni." Kwa mtoto huyo "karibuni" ni baada ya chakula.

Kwa wa miaka saba hadi kumi na mbili, taja nani anaamua, nini kimetokea, na kwamba si kosa lake. Yule mama nilimsaidia kupanga maneno, na yalikuwa hivi: "Mwanangu, safari imesimamishwa na serikali ya Marekani. Wamesimamisha ya watu wote, hata ya akina fulani pale kijiji cha pili. Si kwa sababu ya kifua chako. Daktari alisema mapafu yako ni mazima. Sijui lini watafungua. Nikijua, wewe nitakuambia siku hiyo hiyo." Binti akauliza, "Hata kama ni usiku?" Mama akajibu, "Hata kama ni usiku, nitakuamsha." Nilikuwepo. Alivivua viatu siku ya nne, si siku ile, na sikutegemea iwe siku ile.

Kijana aliyebalehe mwonyeshe karatasi. Anajua kusoma, pengine Kiingereza chake kinapita chako, na mara nyingi ndiye aliyekutafsiria ujumbe wa simu. Kumficha baada ya kumtumia ni kumdharau, naye anaihisi dharau hiyo.

Neno "sijui" lisikutishe. Watoto wanavumilia "sijui" ya mtu wanayemwamini kuliko ahadi iliyovunjika mara tatu.

Nitajuaje kwamba kusubiri kumeanza kumwathiri?

Mtazame anavyolala na anavyocheza. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Analalamika tumbo au kichwa kila asubuhi na zahanati haioni ugonjwa. Anamng'ang'ania mama hadi chooni. Mwingine anakuwa mkali, anapiga wadogo, na huyu kwa kawaida huchapwa kabla ya kuulizwa.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale watulivu. Mtoto aliyeacha kudai, aliyeacha kugombania kijiko, anayekaa mlangoni mchana kutwa, watu humsifu kuwa ana adabu. Kama hakuwa hivyo miezi sita iliyopita, hiyo si adabu.

Darasani utamwona hamalizi kazi. Anaandika tarehe, anapiga mstari, anaishia hapo. Au anakataa kukaa na rafiki mpya, kwa sababu watatu wa kwanza wameshaondoka.

Je, hayo si matokeo ya vita tu?

Vita vimo. Mtoto aliyekimbia Fizi au Uvira, mashariki mwa Kongo, ameona mambo ambayo hakupaswa kuyaona. Lakini kidonda cha vita kina nafasi ya kufunga pale maisha yanapotulia, na kesi isiyo na mwisho inainyima familia utulivu huo.

Uholanzi walichunguza watu wazima wa Iraki waliokuwa wakiomba hifadhi, utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Miongoni mwa waliofika chini ya miezi sita, asilimia 42 walikuwa na tatizo la afya ya akili. Miongoni mwa waliokuwa wamesubiri zaidi ya miaka miwili, ilikuwa asilimia 66. Vita vilikuwa vile vile. Kilichotofautiana ni urefu wa kusubiri. Na hao ni wazazi wa watoto.

Nimesikia kuna watoto Sweden walilala wasiamke. Ni kweli?

Ni kweli kwamba walikuwepo. Kati ya 2003 na 2005 Sweden iliandikisha watoto zaidi ya 400 wa familia zinazoomba hifadhi, wengi wao kutoka nchi za iliyokuwa Yugoslavia na uliokuwa Umoja wa Kisovieti, ambao waliacha kucheza, kisha kusema, kisha kutembea, hadi wakalishwa kwa mpira wa puani. Mwaka 2014 mamlaka ya afya ya huko iliutambua ugonjwa huo kwa jina lake, ambalo kwa Kiswahili ningeliita kukata tamaa kwa mwili mzima. Wengi walirudi polepole, kwa miezi, baada ya familia kupata kibali na nyumba kutulia. Mwaka 2018 madaktari walieleza hali kama hiyo kwa watoto waliozuiliwa kisiwani Nauru na serikali ya Australia, na watoto wa mwisho waliondolewa pale Februari 2019.

Mzazi mwenzangu, usiogope kwamba wako ataishia hivyo. Ni nadra mno, na huko Sweden kwenyewe kuna mjadala mkali, maana wapo waliosema baadaye, wakiwa wakubwa, kwamba walilazimishwa kujifanya. Nalitaja kwa sababu moja: hata pale penye hospitali bora na chakula tele, kutokujua kesho kulitosha kuwaangusha watoto.

Mwanangu hataki shule. Anasema "tunaondoka, Kifaransa cha nini?"

Ana hoja, usimcheke. Nyarugusu watoto wa Kikongo wanasoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, wamezungukwa na Kiswahili, na nyumbani wanaambiwa wajiandae kwa Kiingereza. Amegawanywa katika nchi tatu na hayupo hata moja.

Mjibu kwa vitu vinavyosafiri. Hesabu inasafiri. Kusoma haraka kunasafiri. Kushona, kupanda mchicha, kutengeneza redio, vyote vinasafiri. Mwambie pia kwamba shule ndiyo sehemu pekee ambapo mwaka huu utaonekana umepita: alikuwa darasa la tatu, sasa yuko la nne. Katika maisha ambayo kila kitu kimesimama, kupanda darasa ni jambo kubwa. Ningependa walimu walisherehekee hata kwa kupiga makofi tu.

Mtoto akae ndani wakati wa intavyu?

Mtoto mdogo, ikiwezekana, hapana. Afisa atamuuliza mama kilichompata njiani, na mama atajibu kwa kuwa asipojibu kesi itaonekana ya uongo. Nimeona watoto ambao mara ya kwanza kusikia mama yao alibakwa ilikuwa kwenye kiti cha ofisi, wakichorachora karatasi waliyopewa wanyamaze. Omba mtu wa kumshika nje. Mchukue jirani unayemwamini aende nawe. Ukiwa na aibu ya kuomba, omba hivyo hivyo.

Mtoto akitakiwa kuhojiwa mwenyewe, una haki ya kuuliza kuhusu utaratibu wa maslahi bora ya mtoto. Upo ndani ya UNHCR, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, kifungu cha 23, unamtaja mtoto mkimbizi waziwazi. Na usimkaririshe majibu. Mtoto aliyekaririshwa huona kwamba akikosea neno moja familia nzima imepotea. Mwambie jambo moja tu: "Sema unachokikumbuka. Usichokikumbuka, sema hukikumbuki."

Majirani wamesafiri, sisi tumebaki. Nimweleze vipi?

Chini ya asilimia moja ya wakimbizi duniani hupelekwa nchi ya tatu kwa mwaka mmoja. Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote lililoingia Marekani kwa njia hiyo katika mwaka wa fedha wa 2024, karibu watu 20,000, ndiyo maana kambini ilionekana kama kila mtu anaondoka. Mwambie mtoto: si mtihani. Hakuna aliyefaulu wala aliyefeli.

Kisha mruhusu alie. Rafiki yake ameondoka, na huo ni msiba hata kama aliyeondoka anatuma picha za theluji. Waache waagane vizuri inapowezekana. Nimeona watoto wakibadilishana mashati, na shati lile likavaliwa hadi likaisha.

Tunasikia kambi itafungwa. Tuwaambie watoto?

Wameshasikia, kwenye foleni ya maji. Watoto wa Kirundi wamekua na maneno haya. Tangu Januari 2017, Tanzania ilipoacha kuwapokea Warundi kama kundi, kila familia ilitakiwa kujieleza kivyake. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba watarudishwa. Kambi ya Mtendeli ikafungwa mwaka 2021 na waliobaki wakahamishiwa kambi ya Nduta. Kenya nako, kambi ya Dadaab ilitangazwa kufungwa mwaka 2016, Mahakama Kuu ikazuia Februari 2017, ukatolewa muda mwingine wa kuifunga mwaka 2021. Mtoto wa Dadaab aliyezaliwa 2012 ameshatangaziwa kufungiwa kambi mara mbili kabla hajamaliza shule ya msingi.

Tofautisha mbele yake tangazo, uvumi na hofu. "Hili limesemwa na serikali. Hili amesema baba fulani. Hili ninaliogopa mimi." Hata mtoto wa miaka tisa anaelewa tofauti hiyo akionyeshwa. Na zima redio usiku.

Kijana wangu ana miaka ishirini. Kwa nini amebadilika hivi?

Kwa sababu kesi inamwambia abaki mtoto. Katika mpango wa Marekani anayeingia kwa jina la mzazi anatakiwa awe hajaoa wala kuolewa, na umri wa miaka 21 ni mpaka unaoogopwa, hata kama sheria ina namna ya kuwalinda baadhi. Nimejua wasichana waliokataa uchumba kwa ajili ya faili, na wavulana waliozaa kwa siri wasimtaje mtoto, jambo linaloleta matatizo makubwa zaidi baadaye. Wakati huo huo hawezi kutoka kambini kutafuta kazi bila kibali. Nguvu zote za ujana, na hakuna mahali pa kuzipeleka.

Pombe huanzia hapo. Mpe kazi yenye cheo: kocha wa timu ya watoto, msaidizi wa darasa la kusoma, mtunza vitabu vya kanisa au msikiti. Usimpe mahubiri.

Mtu anasema akipewa pesa atasukuma kesi. Tumpe?

Usimpe. Kusajiliwa, kuhojiwa na kupelekwa nchi ya tatu ni bure katika kila hatua. Mtoto anaona mbuzi akiuzwa kwa ajili ya mtu huyu, kisha hakuna kitu, na anajifunza kwamba wazazi wake hawana uwezo wa kumlinda. Toa taarifa kwa ofisi ya ulinzi ya UNHCR.

Mimi mwenyewe silali. Nitamsaidiaje mtoto?

Anza na wewe, tena bila kujilaumu. Tafuta mtu mzima mmoja wa kumwambia yote, ili mtoto asiwe ndiye huyo mtu. Watoto wengi wa kwanza, hasa wa kike, wamegeuzwa kuwa washauri wa mama zao. Wanajua deni, wanajua kesi, wanajua baba alilia.

Halafu wekeni nyumbani jambo moja lisilotegemea ofisi yoyote. Familia moja ilikuwa na Ijumaa ya lenga-lenga, ile mboga ya mchicha, hata kama posho ilipunguzwa na unga ulikuwa mchache. Familia nyingine bibi alikuwa anatoa kitendawili kimoja kila usiku, jibu linatolewa kesho yake. Watoto wale walikuwa na sababu ya kuingoja kesho. Sijaona dawa nyepesi kuliko hiyo.

Mtoto aliye peke yake, bila wazazi?

Huyu anahitaji mtu mmoja asiyebadilika. Wafanyakazi wa mashirika huja na mikataba ya miezi sita, na kila anayeondoka anaondoka na sehemu ya habari zake. Mama mlezi wa kambini, mwalimu, katekista, yeyote atakayekuwepo mwaka kesho ni bora kuliko mtaalamu atakayekuwepo mwezi huu.

Ni lini nitafute msaada?

Siku hiyo hiyo, kama anazungumzia kufa, anajiumiza, ameacha kula au kusema. Ndani ya wiki mbili, kama halali au haendi shule. Nenda kituo cha afya cha kambi uombe mhudumu wa afya ya akili, au dawati la ulinzi wa mtoto. Namba ya watoto ni 116, bure, nchini Tanzania, Kenya na Uganda. Kwenda huko hakuharibu kesi. Ninaulizwa hili kila mara, na watu wamechelewesha matibabu ya watoto kwa sababu ya uvumi huo.

Je, haya yote yanatosha?

Hayatoshi. Udongo, vitendawili na maneno mazuri vinamsaidia mtoto asizame, lakini kinachomtoa majini ni jibu. Jibu la "ndiyo" lingemfaa zaidi. "Hapana" iliyoelezwa, hata ikiuma, inaweza kuliliwa, na baada ya kulia familia hupanda mihogo, hununua sufuria jingine.

Na wanaoshika mafaili wanaweza kufanya jambo leo, kabla ya uamuzi wowote. Wabandike karatasi ubaoni, kwa Kiswahili na Kirundi, kwa herufi kubwa: kesi hizi zimesimama na hazijafutwa, aliyesimamisha ni huyu, hakuna mtoto wala mgonjwa aliyesababisha, tutarudi hapa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, hata kama hatuna jipya. Kisha Jumatano ile waje.